Mlima ukifungwa, dereva ndiye anayelipa

Vijana wa kwetu wanaofika Seattle na kuanza kutafuta leseni ya lori huniuliza kuhusu theluji. Ikoje, gari linateleza kiasi gani, cheni zinafungwaje. Sijakutana bado na aliyeniuliza kuhusu mvua. Mvua tunaijua tangu utotoni, tumeendesha kwenye masika na kwenye tope, kwa hiyo mtu akiona maji kwenye kioo anajiona yuko nyumbani. Hapo ndipo ninapowahofia. Katika jimbo la Washington, dhoruba ya majira ya baridi ikiipiga milima ya Cascade huleta mvua, barafu na theluji siku hiyohiyo, pengine ndani ya mwendo wa saa moja kwenye barabara moja, na katika hivyo vitatu kile ninachokiogopa kuliko vyote ndicho kinachofanana kabisa na mvua ya kawaida.

Kazi yangu ni ya makontena. Natoka bandarini na kontena tupu, navuka mlima kwa barabara kuu ya I-90 mpaka bonde la Kittitas, na pale Ellensburg napakia marobota ya majani makavu ya timothi yanayouzwa Japani kwa chakula cha mifugo. Kisha narudi nayo Seattle au Tacoma kabla meli haijafunga kupokea mizigo. Ni kama kilomita 175 kwenda na nyingine hizohizo kurudi. Kwenye foleni ya bandarini utasikia Kisomali, Kiamhari, Kitigrinya, na Kiswahili cha kila namna, cha Mombasa, cha Bukavu, cha Dar. Wengi wetu mlima huu ndio mahali tulipoikanyaga theluji kwa mara ya kwanza.

Ukiutazama kwa kimo tu, hautishi. Snoqualmie Pass, pale I-90 inapovuka Cascade, ni mita 921 juu ya usawa wa bahari. Mimi ni mtu wa Moshi; mitaa ya juu ya mji wetu inakaribia kimo hicho, na watu wako kwenye migomba wamevaa shati la mikono mifupi. Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tuliiona asubuhi mawingu yakifunguka, nzuri, ya mbali, haina la kututaka isipokuwa kwa wapagazi na waongozaji. Huku Snoqualmie hushuka theluji karibu mita 10 kwa msimu mmoja, na inashukia barabara ile ile inayobeba riziki zetu. Kaskazini zaidi, kwenye kituo cha michezo ya theluji cha Mount Baker, msimu wa 1998 hadi 1999 zilipimwa mita 29, rekodi ya dunia.

Yote hayo yanatoka baharini. Kati ya Novemba na Machi hewa yenye unyevu mwingi husafiri kutoka Pasifiki, wakati mwingine kwa mkanda mwembamba mrefu unaoanzia karibu na Hawaii, ambao wataalamu wa hali ya hewa wanauita mto wa angani. Ukifika kwenye Cascade hauna pa kwenda ila juu. Hewa ikipanda inapoa, kwa wastani nyuzi 6 hivi za Selisiasi kila kilomita, na unyevu wake unamwagika. Ndiyo maana dereva mzoefu akisoma utabiri haangalii kwanza kama kutanyesha. Anaangalia theluji itaanzia mita ngapi. Ikianzia mita 600, mji wa North Bend uliopo chini ya mlima utapata mvua na huku juu barabara itajaa theluji. Ikipanda mpaka mita 1,500, mvua itainyeshea theluji iliyolala tangu wiki iliyopita, na hapo mito inafurika na miteremko inaanza kuporomoka. Tofauti ya hali hizo mbili ni nyuzi chache tu za joto, na zinaweza kubadilika ukiwa tayari uko njiani.

Snoqualmie ina tabia nyingine ya kwake. Upande wa mashariki, bonde la mto Columbia hujaa hewa nzito ya baridi, imetulia kama maji kwenye beseni. Dhoruba inapokaribia kutoka baharini, hewa ile inavutwa kuelekea magharibi kupitia mwanya wa milima, inatambaa chini chini, na hewa ya vuguvugu ya bahari inapita juu yake. Tone linatoka huko juu likiwa maji, linaingia kwenye tabaka jembamba la baridi, halipati muda wa kuganda, linafika chini likiwa bado maji ingawa limepoa chini ya sifuri. Likigusa kitu, iwe lami, kioo, waya wa umeme au tawi la msonobari, linaganda papo hapo. Siku kama hizo vilele vilivyo juu ya barabara huwa na joto kuliko barabara yenyewe. Sisi tuliokua chini ya Kilimanjaro tunajua kwamba ukishuka mlima unapata joto, na hapa ujuzi huo unaweza kukuponza.

Tarehe 23 Desemba 2022 mvua hiyo ya kuganda iliteremka mpaka Seattle yenyewe, siku mbili kabla ya Krismasi. Njia za ndege za uwanja wa Sea-Tac zilifungwa kwa muda na mamia ya safari zikafutwa. Mabasi ya jiji yalisimama. Watu walitoka mlangoni kuchukua gazeti wakaanguka kwenye ngazi zao wenyewe. Huo ni mji wenye mitaa ya miinuko mikali, na siku ile hata mtu wa miguu hakuwa na pa kukanyaga.

Aliyenifundisha kuitambua ni mzee mmoja wa Mombasa aliyeendesha malori huku kabla sijafika. Tulikuwa kwenye kituo cha malori cha North Bend, njia ya kutokea namba 34, mvua nyembamba inanyesha, na kipimajoto cha gari langu kinasoma 33 kwa Farenheiti, yaani juu kidogo tu ya kuganda. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kama anapanda.

"Marahaba mwanangu. Sipandi," akasema. Akanisogeza kwenye lori lake, akapitisha ukucha kwenye chuma kinachoshika kioo cha pembeni. Upande wa mbele wa chuma ulikuwa na ngozi ya barafu, angavu, huioni mpaka uiguse. Upande wa nyuma ulikuwa mkavu. "Hii imeshika nikiwa nashuka, dakika kumi zilizopita. Barabara itakudanganya, itakuonyesha maji. Usiitazame barabara, tazama tairi za aliye mbele yako. Maji yakiruka, haya, nenda. Yakiacha kuruka na barabara bado inang'aa, ujue umeshaingia. Hapo usikanyage breki, usikate usukani. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, mwache gari ajipunguze mwenyewe."

Tangu siku hiyo nikiendesha kwenye nyuzi za karibu na sifuri macho yangu hayaachi tairi za mbele. Nafungua na dirisha kidogo, maana tairi kwenye lami yenye maji zina sauti yake, na zikipanda kwenye barafu sauti ile inakatika. Waipa zikianza kubeba uvimbe mweupe kwenye mikono yake, hiyo ni dalili nyingine. Lori tupu lina hatari kuliko lililopakia, jambo ambalo wageni hawaliamini mpaka waone: kontena tupu halina uzito wa kulibana chini, upepo unalisukuma, trela linajivuta pembeni na kukunjana na kichwa cha lori. Na sisi wa majani ya timothi tunapanda mlima tukiwa tupu kila tunapokwenda.

Theluji, nikiilinganisha na hayo, inaonekana. Inakupa muda. Kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 1 Aprili sheria ya Washington inamtaka kila dereva wa gari la zaidi ya kilo 4,500 hivi awe amebeba cheni anapopita kwenye njia hizi za milimani, na mabango ya taa barabarani yakiagiza zifungwe, lori lisilo na cheni linatozwa faini ya dola 500. Kuna sehemu pana zilizotengwa kando ya barabara kwa ajili ya kuzifunga. Kwetu lori lina utingo. Huku uko peke yako. Unatandaza cheni, unageuza ndoano zitazame nje ili zisitoboe tairi, unaitupia juu, unapiga magoti kwenye tope la theluji na kuingiza mkono nyuma ya tairi kutafuta ndoano ya ndani usiyoiona. Glovu nene hazishiki ndoano, glovu nyembamba zinalowa. Ukishafunga unakaza kwa ufunguo wake, unatembea mwendo mfupi, unasimama tena kukaza, maana cheni iliyolegea inapasua waya za breki na kukatika. Magari yanapita karibu na miguu yako na madereva wake hawaoni vizuri kuliko wewe. Nawaambia vijana wajifunze kazi hii Septemba, uwanjani, jua linawaka, warudie mpaka mikono iijue gizani.

Kuna mahali kaskazini ya Snoqualmie ninapopakumbuka kila utabiri unaposema theluji itafuatwa na mvua. Panaitwa Wellington, au ndivyo palivyoitwa. Mwishoni mwa Februari 1910 treni mbili za kampuni ya Great Northern, moja ya abiria na moja ya barua, zilikuwa zinatoka Spokane kwenda Seattle kupitia Stevens Pass. Theluji ikazidi nguvu za mashine za kufukua. Treni zikakwama kwenye kituo kidogo cha Wellington, chini ya mteremko uliokuwa umeungua na moto wa msitu, hauna miti ya kushika kitu. Zikakaa hapo siku baada ya siku. Nyaya za telegrafu zilikatika. Makaa ya mawe yakawa yanaelekea kwisha. Vibarua waliokuwa wakifukua kwa majembe walibishana na wakubwa wa reli kuhusu ujira, wakaacha kazi, wakashuka mlima. Baadhi ya abiria nao walikata shauri kushuka kwa miguu mpaka kituo cha Scenic, wakifika wamechoka na wamelowa lakini wako hai. Wengine waliambiwa, au walijiambia, kwamba ndani ya behewa ni salama zaidi.

Kisha hali ya hewa ikageuka. Baridi ikalegea, ikanyesha mvua na radi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, baada ya saa saba, kipande kizima cha mteremko kiliachia na kuzisukuma treni zote mbili mpaka bondeni. Walikufa watu 96, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa reli. Mpaka leo ndilo poromoko la theluji lililoua watu wengi kuliko yote katika historia ya Marekani. Kampuni ikabadilisha jina la kituo kuwa Tye, ikajenga mapaa ya zege juu ya reli, na mwaka 1929 ikafungua handaki jipya la kilomita 12 na nusu chini zaidi ya mlima na kuiacha njia ile. Leo ni njia ya watembea kwa miguu. Mimi huwaza zaidi kuhusu wale vibarua. Theluji ilikuwa inashuka, majembe yalikuwepo, na mabishano yalikuwa juu ya saa ya kazi italipwa kiasi gani.

Siku hizi idara ya barabara ya jimbo haisubiri mteremko uamue wenyewe. Inafunga barabara, inalipua theluji kwa baruti ikiwa bado ndogo, inasafisha, inafungua. Kando ya ziwa Keechelus, mahali ambapo paa la zege la 1950 liliwahi kuikinga barabara, sasa I-90 imepandishwa juu ya madaraja ili poromoko lipite chini yake. Naisifu kazi hiyo kwa moyo wote. Watu wa magari ya kusukuma theluji wanapanda saa ambazo sisi tunashushwa.

Hata hivyo kuna dhoruba ambazo hakuna idara inayoziweza. Tarehe 6 Januari 2022 njia nne za milimani, Snoqualmie, Stevens, White na Blewett, zote zilikuwa zimefungwa kwa wakati mmoja. Theluji nzito ilifuatwa na mvua, hatari ya maporomoko ikawa kubwa mno. Siku iliyofuata mafuriko yakafunga I-5 karibu na Chehalis, barabara kuu inayokwenda kusini. Seattle, jiji lenye bandari, uwanja wa ndege na maduka makubwa, likawa halina njia ya lori ya kwenda mashariki wala ya kushuka Oregon. I-90 ilikaa imefungwa kwa siku kadhaa, Stevens ikachukua karibu wiki. Malori yalijipanga North Bend upande mmoja na Ellensburg upande mwingine, injini zinaunguruma usiku kucha kuwapa madereva joto, na vyoo vya vituo vikazidiwa. Akina mama wa Kikongo wanaokaa Kent walikuwa wanapika na kuuliza kwenye simu nani yuko upande gani wa mlima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika siku hizo zote, wengi wa madereva waliokuwa kwenye foleni zile hawakulipwa chochote, au walilipwa kidogo. Sisi tunalipwa kwa safari. Wa masafa marefu wanalipwa kwa maili. Gari likisimama, pesa inasimama. Sheria ya kazi ya taifa ya 1938, ile inayowapa wafanyakazi wengi nyongeza baada ya saa 40 kwa wiki, inawaacha nje madereva wa malori ya mizigo ya kati ya majimbo. Anayemiliki kichwa chake mwenyewe bado ana rejesho la benki, bima na dizeli inayoungua kwenye maegesho. Mwenye mzigo anasubiri bila kuguswa. Kampuni ya meli ina saa yake ya kufunga kupokea mizigo, na kontena likichelewa gharama zinatafuta wa kumwangukia, na mara nyingi zinamwangukia wa mwisho kwenye mnyororo. Huyo ndiye anayesimama North Bend saa kumi alfajiri akitazama mvua nyembamba na kujiambia kwamba ni mvua tu.

Nimeshaona presha hiyo inavyokuja. Haiji kwa amri. Disipacha, yule anayekupangia safari na mizigo, anakuandikia kwamba dereva mwingine amepita salama, au anauliza kama unataka mzigo wa wiki ijayo. Kijana aliyefika juzi, mwenye mke na watoto wanaosubiri viza Nairobi au kambini Nyarugusu, atajibu nini? Atapanda. Na hajui kwamba sheria iko upande wake, maana kwenye mafunzo ya leseni walimharakisha na kurasa hizo hakuna aliyemfungulia.

Kanuni za usalama za magari ya mizigo zinasema kwamba theluji, barafu, ukungu na mvua vikipunguza uwezo wa kuona au mshiko wa tairi, dereva apunguze mwendo, na hali ikiwa ya hatari ya kutosha, asimamishe gari mpaka iwe salama. Hiyo ni kanuni ya 392.14. Kuna nyingine, 390.6, inayotumika tangu Januari 2016: ni kosa kwa kampuni, wakala au mwenye mzigo kumtisha dereva kwa kumnyima kazi ili avunje kanuni za usalama. Dereva ana siku 90 za kupeleka malalamiko. Kuhusu saa za kuendesha, kikomo ni 11, na hali mbaya isiyotarajiwa inakuongezea 2. Lakini nyongeza hiyo haikuhusu kama dhoruba ilikuwa tayari imetangazwa kabla hujaondoka, na wengi wanadanganywa hapo.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya, na ndivyo ninavyowaomba wadogo zangu wafanye msimu huu. Ukiona hakupitiki, egesha mahali halali, washa hazadi mpaka uwe umetoka kabisa barabarani, kisha mwandikie disipacha ujumbe, usipige simu. Andika saa, andika namba ya maili uliyopo, joto la nje, barafu uliyoiona na umeiona wapi kwenye gari, na tangazo la idara ya barabara linasemaje. Piga picha ya kioo cha pembeni. Malizia kwamba umesimama kwa kanuni ya 392.14 na utaendelea hali ikiruhusu. Akikupigia kukushawishi, mwombe kwa adabu ayaandike hayo anayoyasema. Wengi huishia hapo, kwa sababu hakuna anayetaka maneno yale yawe na jina lake. Akiyaandika, yahifadhi. Na kama Kiingereza chako bado hakijakaa sawa na mvua inaganda kwenye kioo, nitumie kwa Kiswahili, hata iwe usiku wa manane. Nitakuandikia nikurudishie, wewe ubonyeze tu kutuma.